Mama Goreth Anastaafu, Vyombo Vinarudi

Ijumaa hii, tarehe 30 Desemba 2016, Mama Goreth Bukuru anastaafu baada ya miaka tisa na miezi mitatu ya utumishi katika shirika letu la kupokea wakimbizi, Mlango Wazi. Ametumika Louisville, Columbus na hapa Buffalo, na katika miji yote mitatu hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku alizoamua mwenyewe.

Mwandishi ni mimi, Ombeni wa mapokezi. Nilipewa kazi hii kwa sababu siku ya kikao nilikuwa nimetoka kwenda kununua chai, na asiyekuwepo kikaoni hana wa kumtetea. Bwana Mugisho, mkurugenzi wetu, aliniomba mambo matatu: niandike Kiswahili safi, siyo kile chetu cha Uvira kilichochanganyika na Kifaransa, nimalize kwa kuwashukuru watu waliotuunga mkono mwaka mzima, na nisiguse kabisa habari ya vyombo. La kwanza nitajaribu. La pili nitalifanya kwa moyo. La tatu haliwezekani, donc tuendelee.

Mama Goreth alizaliwa Rutana, kusini mwa Burundi. Mwaka 1972 alikimbilia Kongo, kwetu, na vita ilipotufuata sote huko mwaka 1996 akavuka ziwa kwenda Tanzania, akakaa kambini Kasulu miaka kumi na moja. Julai 2007 alishuka Louisville akiwa na watoto watatu, mabegi manne na jembe lisilo na mpini. Anasema alikuwa ameambiwa Marekani kuna kazi, sasa angeendaje kazini mikono mitupu? Jembe hilo mpaka leo liko nyuma ya mlango wa jikoni kwake, na mpangishaji wake huliangalia kwa heshima kila anapokuja kudai jambo.

Kazi yake ya kwanza nchini hapa ilikuwa ghalani, kupanga maboksi. Alidumu wiki tatu. Walimfunga mkononi kimashine kilichokuwa kikilia kila alipopunguza mwendo, na siku ya mwisho alikivua, akakiweka juu ya meza ya msimamizi, akamweleza kwa Kirundi kwamba amelea watoto na hajawahi kupigiwa kelele na kitu ambacho hakikumzaa. Msimamizi hakuelewa hata neno moja, lakini alimfungulia mlango mwenyewe.

Oktoba mwaka huohuo shirika letu, ambalo wakati ule lilikuwa chumba kimoja chenye simu moja, likamwajiri kuwa mpokezi wa familia mpya. Kazi ya mpokezi ni rahisi kuieleza. Familia ikifika kutoka kambini, siku hiyohiyo ikute chakula cha moto nyumbani, kisha ioneshwe jiko linavyowashwa, choo kinavyovutwa na kile kidude cha ukutani cha kuongeza joto. Chakula hatukipiki sisi. Hupikwa na watu wa mji: akina mama wa makanisani, walimu, majirani, hata dereva mmoja mstaafu wa basi la shule. Kila mmoja huleta alichopika ndani ya chombo chake mwenyewe, bakuli la kioo au sufuria nzito ya kuingia tanurini, na chini ya chombo amebandika jina lake na namba ya simu. Hao ndio ninaotakiwa kuwashukuru. Nitafika, msinisukume.

Mwaka 2010 tulipofungua ofisi ya Columbus, Mama Goreth alijitolea kuhamia huko kabla hata hajaombwa. Tulimsifu sana kwa moyo huo. Mwaka 2012 ikaja zamu ya Buffalo, akahama tena. Sifa zile za Columbus naomba mzishikilie kidogo, kwa sababu nitakuja kuzichukua.

Habari zake nyingine mnazijua. Mtihani wa udereva aliushindwa mara nne huko Columbus, na mara ya tano mtahini alimpitisha. Wengine wanasema kwa sababu ya ustadi, mimi nasema ni uchovu. Kiingereza chake ni maneno matatu, “okei mai frendi”, na kwa maneno hayo matatu amesuluhisha wapangishaji, polisi wawili na daktari wa meno. Pale Lower West Side, alipokuwa akiwafundisha wageni jiko kwa kukaanga maandazi, kile king'ora cha moshi kiliita zimamoto mara tatu katika msimu mmoja wa baridi. Mara ya tatu hawakuuliza moto uko wapi. Waliuliza kama yale ya duara yamebaki.

Na ile theluji ya Novemba 2014, nani atasahau? Upande wa kusini wa mji ilifunika milango na magari, watu wakatoka madirishani. Huku kwetu West Side ilishuka kidogo tu, unaifagia kwa ufagio. Lakini mkisikia Mama Goreth anavyoisimulia kule kanisani, mtadhani aliichimba yote peke yake kwa lile jembe. Tulimwachia. Siku ile alitembea kweli, saa moja na nusu kwa miguu, kwenda kuona kama familia mpya ya wazee wawili ina joto, akawakuta wamefungua dirisha ili waione theluji vizuri.

Bon, sasa vyombo.

Oktoba mwaka huu Bwana Mugisho aliitisha kikao, yeye na zile chati zake za rangi. Tulipofungua Buffalo, alisema, tulikuwa na wapishi wa kujitolea arobaini. Sasa wamebaki watano, na kati ya hao mmoja anapika tambi kila mara. Watu wamechoka na wakimbizi, akasema, dunia imebadilika, hatuwezi kumlazimisha mtu kupenda. Kwa hiyo kuanzia Januari chakula cha moto cha mapokezi kingefutwa, na familia zingenunuliwa pizza. Tena alikuwa ameshaijaribu. Mama Nyirangabo aliposhuka na wajukuu saba baada ya siku mbili angani, walimwekea maboksi mawili mezani. Alifungua moja, akatazama, akafunga kwa adabu, akauliza chakula kitafika saa ngapi.

Mama Goreth hakubisha. Alishinda stoo siku mbili nzima, na mnaomjua mnaelewa kwamba huo ulikuwa msiba. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na kazi yake ya miaka tisa ilikuwa inafungwa kwenye boksi.

Mimi nilitumwa kuwapigia simu wapishi wa zamani, niwaulize kwa nini waliacha. Wamarekani wana adabu, jamani. Wa kwanza alisema ana shughuli nyingi. Wa pili, mgongo. Wa tatu, wajukuu. Wa saba alikuwa mwalimu mstaafu wa kule Kensington-Bailey, na yeye sijui aliamkia upande gani, kwa sababu alinipa ukweli mtupu. Alisema katika miaka mitatu alitupatia vyombo sita na hakuna hata kimoja kilichorudi. Alisema anawapenda wakimbizi, ila na vyombo vyake alikuwa anavipenda. Siku hizi keki anaokea kwenye karatasi ya foili. Nikawarudia wale sita wa kwanza, nikawauliza moja kwa moja, na wote wakaungama. Walidhani tunavivunja. Mmoja alidhani tunaviuza, akaniuliza, kwa upole kabisa, kama biashara inakwenda vizuri.

Nilishuka stoo kumuuliza Mama Goreth. Alisogeza yale mablanketi ya ukuta wa nyuma, na nyuma yake palikuwa na rafu nne kutoka chini hadi juu, na juu ya rafu vyombo mia moja arobaini na tatu. Vilikuwa vimeoshwa, vimefutwa, vimefungwa kwa magazeti, vingine kwa magazeti ya Louisville ya mwaka 2008. Ndiyo yale maboksi mazito yaliyoandikwa “jikoni” ambayo mimi na dereva wetu Sebagabo tuliyabeba katika kila kuhama huku tukimlaani aliyeyafunga. Nikamuuliza, Mama, hivi vyote vya watu, mbona hukuvirudisha? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Nivirudishe vitupu?” akasema. “Nimewakosea nini wale?”

Na hapo nilikaa chini, juu ya gunia la mchele, kwa sababu nilimwelewa. Msomaji aliyekulia kwetu anaelewa pia. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Unaweka maharage, unaweka mayai mawili, ukikosa kabisa unaweka hata ndizi moja. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia asije tena. Basi kila familia iliyopokelewa na sisi ilikula, ikaosha chombo, ikamletea Mama Goreth na kumwomba aitunzie mpaka itakapotulia na kupata cha kuweka. Esperance, mmoja wa hao, alisema atatulia akipata kazi. Akapata kazi, akasema akipata zamu ya mchana. Akapata zamu ya mchana, akahamia Iowa kwenye viwanda vya nyama. Vyombo vyake vitatu vilikuwa rafu ya pili, kushoto.

Bwana Mugisho aliposhuka na kuona, alishika kichwa kwa mikono miwili. Yeye ni wa Bukavu, ana digrii mbili, na mama yake alimlea kama sisi, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Aliuliza tu kwa nini hakutia hata maandazi, miaka yote hii. Mama Goreth akamjibu kwamba cha kuweka lazima kiwe chako. Ule mwaka wa kwanza mchele uliokuwa nyumbani kwake ulitoka kanisani kwa Wamarekani, na mafuta pia, na maharage pia. Angemrudishiaje mtu mchele wake? Na baadaye, alipokuwa na mchele wake mwenyewe, vyombo vilikuwa vimeshakuwa vingi, na aibu nayo ikawa kubwa kuliko stoo.

Sisi tulijiona tunawaheshimu. Wao walijiona wanaibiwa. Miaka tisa, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu huku ni adabu na kule ni adabu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu sikucheka tena, kwa sababu niliona analia.

Hakuwa analilia vile vya rafuni. Alikuwa na kimoja zaidi, nyumbani kwake, kabatini, ambacho hakuwahi kumwonesha mtu: bakuli la samawati lenye mfuniko uliopasuka kidogo ukingoni. Lilikuwa la Bibi Lorraine wa Louisville. Siku ya pili baada ya Mama Goreth kushuka Marekani, bibi huyu alibisha mlango akiwa na kuku na viazi ndani ya bakuli lile. Watoto walikula mpaka wakalamba mfuniko. Katika nchi nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kwamba wapo. Mwaka 2010 Bibi Lorraine alimtumia ujumbe kupitia kanisani, kwa upole, kuuliza kama bakuli bado lipo, maana lilikuwa la mama yake mzazi. Mama Goreth alikuwa bado hajapata cha kuweka kinacholingana na kuku yule. Mwezi uliofuata alijitolea kwenda Columbus.

Sasa zile sifa nilizowaambia mzishikilie, nipeni. Tulidhani alihama kwa moyo wa kujituma. Mama huyu amekimbia vita mara mbili na bakuli mara moja, na bakuli ndilo alilokimbia nalo mkononi.

Ikawa hivi. Mama Goreth alisema hatastaafu mpaka vyote vyenye majina virudi vimejaa, na kama Bwana Mugisho anataka kumlipa mpaka mwaka 2030, shauri yake. Mkurugenzi alipiga hesabu ya haraka kichwani, akatoa ruhusa na gari. Novemba nzima familia zilipika. Waliokuwa wamehama walituma wawakilishi. Esperance alimpigia dada yake simu kutoka Iowa, akamwelekeza kiasi cha iliki. Maandazi, sambusa, karanga, maharage na ndizi, isombe, yaani kisamvu, kwa walioonekana wana roho ngumu. Jumamosi baada ya Jumamosi tuligonga milango ya Buffalo. Mzee mmoja alitufungia akidhani tunauza dini. Mwingine alisema bakuli si lake, lakini sambusa alizichukua. Yule mwalimu wa Kensington-Bailey alipokea vyombo vyake sita barazani, kimoja kimoja, vyote vimejaa, na Mama Goreth akamwambia “okei mai frendi” mara sita, na mwalimu akaingia ndani kutafuta leso.

Tarehe 9 Desemba tuliondoka na Sebagabo kwenda Columbus na vyombo thelathini na nane, kisha Louisville na kumi na tatu. Bakuli la samawati Mama Goreth alilipakata njia nzima, mkanda wa kiti umelifunga pamoja naye. Kila tulipopita daraja alisali. Jambo lililomtisha lilikuwa moja tu, na alilisema wazi kabla hatujafika Cincinnati: Bibi Lorraine alikuwa na miaka themanini na minane, alikuwa ameshahamia nyumba ya kutunzia wazee, na huenda asimkumbuke. Basi angekuwa amerudisha bakuli kwa mtu asiyejua kama liliwahi kutoka.

Jumapili baada ya ibada alipika kwa binti yake Joselyne, ambaye alibaki Louisville. Alipika kuku na viazi, kwa sababu hatimaye aliona hakuna kinacholingana na kuku isipokuwa kuku. Wajukuu walimuuliza kwa Kiingereza chakula ni cha nani, na akawapiga mikono kwa mwiko. Joselyne alikuja nasi kutafsiri.

Bibi Lorraine alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mdogo kuliko Mama Goreth alivyomkumbuka. Alitutazama sisi, hakutujua. Alimtazama Mama Goreth, akamtazama tena. Kisha akaona bakuli. Akalishika, akapitisha kidole ukingoni pale palipopasuka, akasema yeye ndiye aliyelipasua, akiwa na miaka kumi, na mama yake alimchapa. Akafunua. Akaomba kijiko. Alikula vijiko vitatu, sisi watu wazima wanne tukiwa tumesimama kama wanaosubiri hukumu, halafu akamwambia Joselyne chumvi haitoshi.

Joselyne aliona haya kutafsiri. Mama Goreth akamlazimisha, na aliposikia alicheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia. Akasema mgeni huambiwa kitamu, wa nyumbani ndiye anayeambiwa chumvi. Ndipo Bibi Lorraine akasema jambo ambalo Joselyne alilitafsiri polepole: kwamba miaka yote hiyo alidhani hawakupenda kuku wake, wakaona aibu kumwambia, ndiyo maana hakurudi tena kubisha mlango. Mama Goreth alipiga magoti pale kwenye zulia, ingawa mguu wake mmoja ni mbovu, akamweleza habari yote tangu mwanzo: mchele wa kanisani, aibu, Columbus. Bibi Lorraine alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. Akauliza kama desturi hiyo ina mwisho, au chombo huenda na kurudi hivyohivyo mpaka watu wafe. Mama Goreth akamwambia hakumbuki kusikia mwisho wake.

Haya, shukrani, kabla Bwana Mugisho hajaninyang'anya kalamu. Kwenu nyote mliopika mwaka huu wa 2016, na mliopika miaka ya nyuma mkanyamaza kwa adabu: asanteni, na mtusamehe. Hakuna chakula chenu kilichosahaulika. Kilikumbukwa kupita kiasi, ndiyo shida. Hadi leo wapishi thelathini na mmoja wameniandikia kwamba wanarudi jikoni, pamoja na yule wa tambi, ambaye hakuwahi kuondoka. Pizza imefutwa rasmi. Mama Nyirangabo ameomba lifutwe na lile boksi.

Mama Goreth, umetupokea karibu sote, na hata mimi uliniwashia jiko nikiwa naliogopa. Nilikuwa na donc moja zaidi ya kukuaga, nimeona nikupe neno letu lenyewe: nakupenda, Mama, na stoo bila wewe nitaiogopa. Pumzika vizuri, uone wajukuu, uache kuendesha gari.

Ingawa sidhani kama utapumzika. Juzi Jumatano, tarehe 21, kilifika kifurushi kutoka Louisville chenye jina lake. Ndani yake lilikuwamo bakuli la samawati, limejaa biskuti mpaka mfuniko haufungi, na kikaratasi chenye mwandiko wa kutetemeka: zamu yako, na safari hii weka chumvi. Mama Goreth alionja biskuti moja, akakunja uso, akasema sukari imezidi, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Mugisho kumuuliza gari litakuwa na nafasi lini mwezi wa nne.

Na bado tuna vyombo kumi na kimoja ambavyo karatasi zake zilifutika majina. Kimoja ni cha kioo chenye maua mekundu, kimoja kina mpini uliofungwa waya, vingine njooni mvitambue wenyewe. Tafadhali pigeni simu siku moja kabla, tupate muda wa kuweka kitu ndani.